Muswada Ukiwa Augusta: Mwongozo Kamili kwa Msemaji wa Kiswahili wa Maine

Kila Januari makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa Portland, Lewiston na Westbrook, katika jimbo la Maine, Marekani, huanza kujaa sauti zilizorekodiwa. Sheria imepita, GA, yaani ule msaada wa manispaa wa pango na chakula, inafutwa. Sheria imepita, polisi wa mji hawatashirikiana tena na ICE, maafisa wa uhamiaji wa serikali kuu. Sheria imepita, mwenye nyumba hapandishi tena kodi. Ukifuatilia, mara nyingi hakuna sheria iliyopita. Kilichopo ni muswada: pendekezo ambalo mbunge mmoja ameliandikisha, likapewa namba, na sasa linangoja zamu yake. Bunge moja la Maine huishi miaka miwili, na katika miaka hiyo hupokea miswada inayokaribia au kupindukia 2,000. Mingi hufia kamatini bila kelele yoyote.

Habari hizo za haraka zina madhara mawili. Anayeogopa huogopa bure, na anayefurahi hukaa nyumbani akidhani kazi imekwisha. Wakati huohuo siku ya kusikilizwa inapita, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa chumbani. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu mtu wa kawaida ana uzito mkubwa zaidi wakati muswada ungali muswada, hasa siku ile kamati inapowasikiliza wananchi. Maine, tofauti na majimbo mengi, ina desturi ya kuupa karibu kila muswada uliochapishwa siku yake ya kusikilizwa hadharani. Mwenye uraia, mwenye grini kadi na anayesubiri hifadhi wote wanaruhusiwa kukaa mbele ya maikrofoni. Huulizwi pasipoti wala kadi ya kura.

Bunge lenyewe

Bunge la Maine, lililoko Augusta, mji mkuu wa jimbo, lina mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi lenye wabunge 151, na Seneti yenye maseneta 35. Makabila ya wenyeji wa asili nayo yana viti barazani, ila wajumbe wao hawapigi kura. Maine ina watu wasiofika milioni moja na nusu, kwa hiyo kila mwakilishi anabeba watu kama 9,000 tu. Idadi hiyo ni ndogo kuliko kata nyingi za Dar es Salaam. Wabunge hawa si wa kudumu kazini. Wengi wana ajira nyingine, na hawana kundi la wasaidizi wa kuchuja barua zao. Ukimwandikia mwakilishi wako barua pepe, kuna uwezekano mkubwa ataisoma yeye mwenyewe.

Usidhani pia kwamba jengo lile ni la watu wengine. Mwaka 2022 Deqa Dhalac wa South Portland na Mana Abdi wa Lewiston walichaguliwa, wakawa Wamarekani wa kwanza wenye asili ya Somalia kuingia Bunge hilo. Desemba ya mwaka huohuo Rachel Talbot Ross akawa Spika, mwanamke Mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho.

Kalenda ni rahisi ukishaizoea. Bunge jipya huapishwa Jumatano ya kwanza ya Desemba baada ya uchaguzi wa Novemba wa mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kikao cha kwanza, kilicho kirefu, huishia Juni. Kikao cha pili huanza Januari ya mwaka unaofuata na kumalizika Aprili, na humo huruhusiwa mambo machache tu: bajeti, miswada ya gavana, mambo ya dharura, na iliyobaki kutoka kikao cha kwanza. Februari hadi Mei ya mwaka wa kwanza ndio msimu mkubwa wa kusikilizwa.

Namba, na mwaka wa namba

Mbunge akiomba muswada uandikwe, ombi hupewa namba inayoanza na LR. Hapo bado hakuna cha kusoma, ni kichwa cha habari tu. Waandishi wa sheria wa Bunge wakishaukamilisha na ukachapishwa, hupata namba ya LD, na hiyo ndiyo utakayoitumia kila mahali. Ukitumiwa sauti ya WhatsApp isiyotaja LD, jibu kwa swali moja: LD ngapi?

Swali la pili: ya Bunge la ngapi? Namba za LD huanza upya kila baada ya miaka miwili. Mfano mzuri ni LD 369. Katika Bunge la 127, mwaka 2015, LD 369 ilihusu GA kwa waomba hifadhi. Katika Bunge la 129, mwaka 2019, LD 369 nyingine kabisa ndiyo iliyowapa wafanyakazi likizo yenye malipo, hadi saa 40 kwa mwaka, kwa waajiri wenye wafanyakazi zaidi ya 10, kuanzia Januari 1, 2021. Zote mbili zinatuhusu, lakini aliyefungua mwaka usio wake atasoma kitu kingine kabisa na kukisambaza kwa watu mia mbili.

Ingia legislature.maine.gov, chagua utafutaji wa miswada, weka namba na Bunge. Ukurasa wa muswada utakuonyesha maandishi yake, nani ameuleta, kamati gani imepewa, tarehe za vikao, marekebisho, na ushahidi wote, yaani maelezo kwa kamati, ambao watu wameshautuma. Hifadhi ukurasa huo kwenye simu. Mambo mengi ya mwongozo huu yanafanyika humo.

Usome, usiishie kwenye kichwa

Vichwa vya miswada huandikwa kwa lugha laini. Muswada wa kupunguza huduma unaweza kuitwa wa kuboresha, na wa kubana unaweza kuitwa wa kuoanisha. Anzia mwisho: miswada ya Maine hufungwa na muhtasari wa aya moja au mbili kwa Kiingereza chepesi kiasi. Kisha rudi juu. Maneno yaliyopigiwa mstari chini ni mapya yanayopendekezwa. Yaliyokatwa kwa mstari katikati ndiyo yanayoondolewa. Yasiyo na alama yapo tayari kwenye sheria ya leo na hayabadiliki. Watu wengi hushtuka kwa kusoma sentensi ambayo imekuwa sheria kwa miaka ishirini.

Tazama mambo mengine matatu. Kama mwanzoni kuna utangulizi wa dharura, muswada huo ukipita utaanza kazi mara moja, lakini unahitaji theluthi mbili ya wabunge wote katika kila baraza: 101 kwa Wawakilishi, 24 kwa Seneti. Kama kuna taarifa ya gharama, soma kiasi, kwani ndicho kitakachoamua uhai wake baadaye. Na kama muswada una sentensi chache tu zinazosema nia bila vifungu, huo ni rasimu ya wazo; maandishi halisi yatakuja kama marekebisho, wakati mwingine usiku wa kuamkia kikao. Kwa muswada wa namna hiyo mwandikie karani wa kamati umwombe akutumie maandishi mapya yakitoka.

Sasa nirudi kwa LD 369 ya mwaka 2015, kwa sababu haina mfano wake. Iliingia Bungeni mikononi mwa seneta aliyetaka kuwazuia wahamiaji wasiopata msaada mwingine wa jimbo wasipewe GA. Ungesoma kichwa na maandishi yake ya kwanza, ungelia. Lakini ndani ya Bunge muswada ulirekebishwa mpaka ukageuka: ulipotoka, uliwaruhusu waomba hifadhi kupata GA kwa muda usiozidi miezi 24. Wabunge wa vyama vyote viwili waliupigia kura. Familia zilizofika Portland majira ya joto ya 2019 kutoka Kongo na Angola, zaidi ya watu 400 waliolala kwenye ukumbi wa michezo wa Expo, zilikuta sheria hiyo ipo tayari. Kwa hiyo ukitaja muswada, taja pia unasoma toleo lipi: la asili, au lililorekebishwa na kamati.

Kamati na tarehe

Kila muswada hupelekwa kwenye kamati ya pamoja, kwa kawaida yenye wajumbe 13: maseneta 3 na wawakilishi 10. Afya na huduma za jamii zina kamati yake, vivyo hivyo elimu, kazi, makazi, mahakama, usalama wa umma, kodi na bajeti. Kila kamati ina wenyeviti wawili, mmoja seneta na mwingine mwakilishi, na karani mmoja. Huyo karani ndiye mtu wa kumfahamu. Anajua tarehe, chumba, na jinsi ya kuomba msaada wa pekee. Mwombe akuingize kwenye orodha ya barua pepe za kamati. Tangazo la kikao linaweza kutoka siku chache tu kabla, na asiyekuwa kwenye orodha hulisikia likiwa limeshapita.

Kama kufuatilia kamati nzima ni kazi kubwa kwako, yapo mashirika yanayofanya hivyo kila siku. Maine Immigrants' Rights Coalition na Maine Equal Justice hufuatilia miswada ya wahamiaji na ya watu wa kipato cha chini. Pokea taarifa zao, lakini bado fungua ukurasa wa LD ujionee mwenyewe.

Kuandika ushahidi

Watu wengi hukwama hapa kwa kudhani kamati inangoja hotuba ya mwanasheria. Wanasheria na washawishi wa kulipwa kamati inao wa kutosha. Kinachokosekana ni mtu anayejua jambo linavyokuwa jikoni, kazini, hospitalini. Mama anayeeleza kilichotokea alipokwenda kununua dawa ya mwanawe hukumbukwa kuliko kurasa kumi za hoja.

Kwa desturi kila mtu hupewa dakika tatu. Kwa Kiingereza hizo ni kama maneno 350. Ukizungumza kupitia mkalimani, nusu ya muda inakwenda kwake, hivyo andika maneno 150 hadi 180 tu, au mwandikie karani mapema uombe muda wa ziada kwa ajili ya tafsiri. Ushahidi wa maandishi unaweza kuwa mrefu zaidi, ila mimi nashauri ukurasa mmoja.

Mpangilio una desturi yake, na kuufuata kunakupa utulivu. Unaanza kwa kuwasalimu wenyeviti, seneta kwanza. Unataja jina lako na mji unaoishi. Unasema unaunga mkono, unapinga, au huungi mkono wala hupingi, na unataja namba ya LD. Kisha simulizi lako, moja tu. Kisha unaonyesha muswada unagusaje simulizi hilo, ikiwezekana kwa kutaja kifungu. Mwisho unasema unataka kamati ifanye nini. Tuseme muswada unahusu kutambua vyeti vya wauguzi waliosomea nje ya Marekani:

"Seneta (jina la ukoo), Mwakilishi (jina la ukoo), na waheshimiwa wajumbe wa kamati. Jina langu ni (jina lako), naishi Lewiston. Naunga mkono LD (namba). Nilikuwa muuguzi Bukavu kwa miaka tisa, katika wodi ya wazazi. Hapa Maine nafanya kazi ya CNA, msaidizi wa muuguzi, zamu ya usiku. Mwezi uliopita mgonjwa alianza kupoteza damu, nikajua la kufanya, lakini kwa cheti nilicho nacho ilinibidi nimwite mwingine na kusubiri. Kituo chetu kina nafasi za wauguzi zilizo wazi tangu mwaka jana. Kifungu cha pili cha muswada huu kitaniruhusu kufanya kazi chini ya usimamizi wakati vyeti vyangu vinakaguliwa. Naomba kamati iupitishe. Asanteni, niko tayari kwa maswali."

Hapo hakuna takwimu hata moja, na hazihitajiki. Usitaje idadi usiyoweza kuithibitisha, maana mjumbe mmoja akiuliza umeitoa wapi, hadithi yako nzuri itaporomoka nayo. Usimshambulie mbunge aliyeuleta hata kama muswada wenyewe umekuumiza. Na kama mnakwenda kundi la watu kumi kutoka kanisa moja au msikiti mmoja, msisome karatasi ileile mara kumi. Gawaneni, huyu azungumzie watoto, yule kazi, mwingine nyumba. Wengine wakisimama tu na kusema wanakubaliana na waliotangulia inatosha, na wajumbe huwashukuru.

Kabla hujaweka jina lako

Soma sehemu hii kabla ya kutuma chochote. Ushahidi ni kumbukumbu ya umma. Jina lako, mji wako na maandishi yako yatawekwa kwenye tovuti ya Bunge na kubaki hapo, na mtu yeyote duniani anaweza kuyapata kwa kutafuta jina lako. Vikao hurushwa moja kwa moja na video zake huhifadhiwa.

Kwa mwenye uraia hilo ni jambo dogo. Kwa anayesubiri hifadhi si dogo. Ukisimulia mateso uliyoyapata nyumbani, na tarehe au mpangilio wa matukio ukatofautiana na ulivyoandika kwenye fomu yako ya kuomba hifadhi, I-589, tofauti hiyo inaweza kuulizwa siku ya kesi. Ukitaja jina la ndugu aliyebaki Goma au Bujumbura, umemtaja mbele ya dunia nzima. Kwa hiyo zungumza na wakili wako kwanza. Asiye na wakili aulize Immigrant Legal Advocacy Project ya Portland. Usiandike namba ya A (namba yako ya uhamiaji), anwani ya nyumba, tarehe ya kuzaliwa, wala majina ya watoto. Kwa miswada mingi huhitaji kabisa kueleza kwa nini ulikimbia. Muswada wa pango unahitaji kusikia habari za pango.

Na kama hata jina ni hatari, ipo njia ya heshima: mweleze mchungaji, imamu, mwalimu au shirika linalokufahamu, aende yeye aseme, "Mama mmoja ninayemhudumia Portland ameniambia hivi." Ushahidi wa namna hiyo hupokelewa.

Siku yenyewe

Kuna njia tatu: kwenda Augusta, kuingia kwa Zoom, au kutuma maandishi tu. Zote hupitia ukurasa mmoja, mainelegislature.org/testimony. Unachagua kamati, tarehe ya kikao, muswada, msimamo wako, unaambatisha faili, unaandika jina na mji. Ukitaka Zoom, jiandikishe siku moja kabla ili kiungo kikufikie kwa wakati. Hata ukienda mwenyewe, tuma maandishi pia, kwa sababu wajumbe wasiokuwepo watayasoma.

Mimi nashauri kwenda, angalau mara ya kwanza. Kutoka Portland ni mwendo wa saa moja kwa gari. Kutoka Lewiston ni nusu yake na kidogo. Jengo la Bunge ni lile lenye kuba, lakini vyumba vingi vya kamati viko jengo la jirani liitwalo Cross, na majengo hayo yameunganishwa kwa njia ya chini ya ardhi inayokusaidia sana Februari. Mlangoni kuna ukaguzi wa usalama kama wa uwanja wa ndege. Vaa koti, chukua maji na chakula kidogo, na uwe umelipanga na mwajiri, kwa sababu saa ya kuanza inajulikana lakini saa ya kuitwa haijulikani. Siku moja kamati husikiliza miswada kadhaa, na muswada wenye watu wengi unaweza kwenda hadi jioni.

Mwenyekiti humwita kwanza mbunge aliyeleta muswada. Hufuata wanaounga mkono, kisha wanaopinga, kisha wasio upande wowote. Ukiitwa, kaa kwenye kiti cha mbele, soma taratibu. Ukimaliza usikimbie, subiri, huenda mjumbe akakuuliza swali. Jibu unalolijua. Usilolijua sema utalitafuta na kuwaandikia, na kweli uwaandikie wiki hiyo.

Kuhusu mkalimani: mwombe karani mapema akueleze wanaweza kukusaidia vipi, na bado uwe na mtu wako wa akiba. Chagua mtu mzima, mtulivu, na mkutane siku moja kabla msome karatasi pamoja. Mtu wa Uvira na mkalimani wa Mombasa wataelewana vizuri, ila maneno ya kiofisi yanaweza kuwachenga wakikutana mbele ya kamati. Usimtumie mtoto wako. Atatafsiri Kiingereza vizuri, lakini si haki kumbebesha shida za wazazi mbele ya wageni na kamera.

Kikao cha kazi

Siku au wiki kadhaa baadaye kamati hukaa kikao cha kazi. Hapo wananchi hawatoi ushahidi tena, lakini mlango uko wazi na video inarushwa. Kitazame, maana hapa ndipo muswada unapoamuliwa. Wajumbe wanajadili, wanabadilisha maneno, wanapiga kura. Kwenye ukurasa wa muswada utaona herufi: OTP ni upite ulivyo, OTP-A ni upite na marekebisho, ONTP ni usipite.

Kamati nzima ikisema ONTP kwa kauli moja, muswada umekufa, na kuufufua kunahitaji theluthi mbili ya mabaraza yote mawili. Ikigawanyika, ripoti ya wengi na ya wachache zote huenda mbele, na vita vinaendelea. Kwa hiyo kati ya kusikilizwa na kikao cha kazi, waandikie wajumbe barua fupi za mistari mitano kila mmoja. Anza na wale ambao hawakuonyesha upande wao.

Mabarazani, na meza ya fedha

Kutoka kamatini muswada hupigiwa kura na baraza moja, kisha jingine, na mara nyingi hurudi tena kwa kura ya mwisho ya kuutunga. Mabaraza yakitofautiana, kila moja likishikilia msimamo wake, muswada hufia katikati. Kazi yako hapa ni moja: mwandikie mwakilishi wako na seneta wako, ambao tovuti itakuonyesha ukiweka anwani yako, na baadaye tazama orodha ya kura ujue nani alipiga vipi.

Ila kuna kituo ambacho wengi hawakijui. Muswada unaogharimu fedha za hazina kuu, hata ukikubaliwa, huwekwa kwenye meza maalumu ya Seneti na kungoja. Mwisho wa kikao kamati ya bajeti huangalia fedha zilizobaki na kuchagua michache. Iliyobaki hufa hapo, ingawa ilishinda kura. Msiache kuandika barua wiki hizo za Juni kwa kudhani mmeshashinda. Andikieni kamati ya bajeti.

Na kinyume chake hutokea. Wazo la muswada linaweza kuingizwa ndani ya bajeti yenyewe. Chakula cha bure kwa wanafunzi wote shuleni kilipita hivyo mwaka 2021. MaineCare, bima ya afya ya serikali, kwa watoto na vijana chini ya miaka 21 na kwa wajawazito, bila kujali hadhi ya uhamiaji, ilikuja kwa bajeti ya mwaka huohuo na kuanza Julai 1, 2022. Likizo ya uzazi na ugonjwa yenye malipo ilikuja kwa bajeti ya 2023. Ukiona LD yako imeandikwa imekufa, uliza kama imehamia kwenye bajeti.

Mezani kwa gavana

Gavana ana siku 10, bila kuhesabu Jumapili. Anaweza kusaini, anaweza kuurudisha kwa kura ya turufu, ambapo Bunge linaweza kuupitisha tena kwa theluthi mbili ya waliohudhuria katika kila baraza, au anaweza kukaa kimya, na ukimya wake huufanya muswada kuwa sheria. Kimya hicho ndicho kilichoikamilisha LD 369 ya 2015. Gavana LePage aliamini Bunge lilikuwa limeahirishwa kabisa, kwa hiyo hakurudisha miswada 65 ndani ya siku zake, hiyo ikiwemo. Agosti 6, 2015 Mahakama Kuu ya jimbo ilisema siku zilikuwa zimekwisha na yote 65 ni sheria.

Bunge likifunga kweli kabla siku 10 hazijaisha, gavana anaweza kuushikilia muswada mpaka Bunge hilohilo likutane tena. LD 1971 ya Bunge la 132, iliyoletwa na Mwakilishi Dhalac kuhusu uhusiano wa polisi wa jimbo na miji na maafisa wa uhamiaji wa serikali kuu, ilipita Juni 2025. Gavana Mills hakusaini wala hakuirudisha. Miezi ikapita, huku nusu ya watu wakisema imekufa na nusu wakisema imepita. Desemba 2025 alitangaza kuwa ataiacha iwe sheria bila saini yake. Kwa muda wote huo jibu sahihi kwenye kundi la WhatsApp lilikuwa: imeshikiliwa na gavana.

Ikishakuwa sheria

Sheria isiyo ya dharura huanza siku 90 baada ya Bunge kuahirishwa, isipokuwa sheria yenyewe itaje tarehe nyingine. Likizo ya uzazi na ugonjwa yenye malipo ilipita 2023, makato ya mishahara yakaanza Januari 1, 2025, na malipo kwa wafanyakazi yakapangwa kuanza Mei 1, 2026. Kabla hujamwambia jirani ana haki fulani, tafuta tarehe.

Ndani ya siku hizo 90 wapiga kura wanaweza kukusanya saini ili sheria ipelekwe kwenye kura ya wananchi. Idadi ni asilimia 10 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi wa gavana uliopita. Kwa kura za 2022 zilikuwa saini 67,682. Mwaka 2011 Bunge lilifuta kujiandikisha kupiga kura siku ya uchaguzi, na Novemba ya mwaka huohuo wananchi wakaurudisha utaratibu huo kwa njia hii. Lakini wewe usiye raia, mtu akikusimamisha nje ya duka na karatasi ya saini, mkatalie kwa adabu. Saini hizo ni za wapiga kura walioandikishwa tu, na kujitokeza kama raia wakati si raia kunaweza kukuharibia makaratasi yako kwa maisha yote. Kusema mbele ya kamati ni haki yako. Kusaini pale si haki yako.

Mwisho kuna kanuni. Sheria nyingi huiachia idara husika iandike jinsi zitakavyofanya kazi: fomu gani, ushahidi gani wa ugonjwa, lugha zipi. Idara hutangaza rasimu ya kanuni na kupokea maoni ya maandishi kwa muda maalumu, na mara nyingi hufanya kikao cha hadhara. Huko watu huwa wachache sana. Kama sheria imepita lakini fomu yake inatoka kwa Kiingereza peke yake, huko ndiko pa kuandika uombe iwepo ya Kiswahili. Ushahidi uleule uliouandaa kwa ajili ya kamati utakufaa, ukibadilisha namba ya LD na kuweka jina la kanuni.